Siku ya Tatu Mpe Jembe: Leseni ya Udereva na Haki ya Mtu Aliye Ugenini

TAHARIRI



Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii husemwa kwa utani, kana kwamba kazi yake ni kumwonyesha mgeni mlango kwa adabu. Lakini tukiitafakari tutaona kwamba imebeba madai mawili ya haki. La kwanza ni kwa mgeni: asiwe mzigo, bali atoke shambani pamoja na wenyeji wake. La pili, ambalo tunalisahau upesi, ni kwa mwenyeji: ampe mgeni jembe. Hakuna haki ya kumlaumu mtu kwa uvivu ilhali jembe umelificha uvunguni.

Katika siku zetu jembe la mtu aliye ugenini mara nyingi halina mpini. Ni kadi ndogo inayoingia mfukoni, yaani leseni ya udereva. Kwa kijana aliyeajiriwa kuendesha gari la familia huko Ghuba, kwa mama anayelea wazee nyumba hadi nyumba huko Uingereza, kwa familia ya wakimbizi wa Kongo iliyopokewa katika mji wa Marekani usio na mabasi ya kutosha, kadi hiyo ndiyo inayotenganisha kula na kulala njaa. Asiyekuwa nayo hafiki kazini, hampeleki mtoto hospitali usiku, na mara nyingi hata kanisani haonekani.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kwa kijitabu cha Haki na Amani. Sisi tunaona vingine. Dhuluma kubwa huja kwa kelele, na watu huitambua. Dhuluma ndogo huja kwa fomu, mhuri na dirisha la ofisi, na watu huizoea. Ndiyo maana katika toleo hili tumeamua kulitazama dirisha moja tu. Hoja yetu ni hii: mtihani wa udereva una haki ya kuuliza kama mtu anajua kuendesha gari kwa usalama. Hauna haki ya kugeuzwa ukuta wa kumzuia maskini na mgeni. Na sisi tunaoidai haki hiyo kwa ajili ya watoto wetu walioko ng'ambo, hatuna budi kuitenda hapa kwetu kwanza.

KUONA: SABABU YA HAKI YA KUMTAHINI MGENI

Tuanze kwa kuwa waadilifu kwa wenyeji. Serikali yoyote ina wajibu wa kulinda uhai barabarani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Kwa hiyo anayesema kwamba kila mtu apewe leseni bila kuulizwa lolote, huyo hatetei wageni. Anacheza na roho za watu.

Tena barabara hazifanani. Sisi wa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, twaendesha upande wa kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo waendesha upande wa kulia. Dereva wa lori anayevuka mpaka pale Rusumo hana budi kubadili upande, na pamoja na upande abadili mazoea ya macho na mikono yake. Anayetoka kwetu kwenda Ujerumani, Marekani au nchi za Ghuba hukutana na badiliko hilohilo. Kumtaka mtu wa namna hiyo athibitishe kwamba amejifunza si ubaguzi. Ni busara.

Mataifa yaliliona jambo hili zamani. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 na ule wa Vienna wa mwaka 1968, yote miwili juu ya usafiri wa barabarani, iliweka utaratibu wa nchi kutambua leseni za wageni wanaopita. Mikataba hiyo pia inaweka utaratibu wa ile hati ya kimataifa ya udereva ambayo vijana wetu wengi huikimbilia. Lakini ni vema ieleweke: hati hiyo ni kama tafsiri ya leseni ya nyumbani, inakwenda pamoja nayo, wala haisimami peke yake. Tena ni ya mpita njia. Mtu akishahamia na kuwa mkazi, nchi aliyohamia inaweza kumtaka apate leseni ya huko. Wengi wamedanganywa na mawakala kwamba kwa hati hiyo wataendesha gari miaka yote ya mkataba wao. Si kweli.

Basi mtihani wenyewe hatuupingi. Tunachouliza ni hiki: mtihani huo unapima nini?

KUONA: PALE MSHAHARA UNAPOTAHINIWA

Mwaka 2014 nchi ya Kuwait ilikaza masharti ya leseni kwa wageni. Mgeni wa kawaida alitakiwa awe ameishi nchini kihalali kwa miaka miwili, awe na shahada ya chuo kikuu, na awe na mshahara usiopungua dinari 600 kwa mwezi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza msongamano wa magari. Baadhi ya kazi zilisamehewa masharti hayo, ikiwemo kazi ya udereva yenyewe, lakini leseni ya namna hiyo imefungwa kwenye kazi: kazi ikibadilika, leseni nayo yaweza kuondoka.

Tulitafakari sharti hilo la mshahara. Mwaka 2016 nchi hiyohiyo iliweka kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa nyumbani kuwa dinari 60 kwa mwezi. Ilikuwa hatua njema, na twaitambua. Lakini linganisheni namba hizo mbili. Mtumishi wa nyumbani alihitaji mshahara mara kumi ya kima chake ili aruhusiwe kuwa na leseni kama mgeni wa kawaida. Je, mwenye dinari 600 anaona taa nyekundu vizuri kuliko mwenye dinari 60? Je, shahada ya historia inamfundisha mtu kushika breki? Hapa mtihani haupimi tena uwezo wa dereva. Unapima mfuko wake.

Na yule aliyesamehewa kwa kuwa kazi yake ni udereva, je, yu huru? Kibali chake cha kuishi kiko mikononi mwa mwajiri aliyemdhamini. Leseni yake inategemea kibali hicho. Katika nchi nyingi za eneo hilo waajiri wamezoea pia kukaa na pasipoti za watumishi wao. Mtu wa namna hiyo akinyimwa mshahara miezi mitatu, atasema nini? Akiondoka anapoteza kazi, kibali na leseni kwa siku moja. Jembe analo, lakini mpini umeshikwa na mwingine.

KUONA: PALE SAA INAPOHESABU

Huko Uingereza hali ni tofauti. Hakuna anayemuuliza mgeni mshahara wake ili afanye mtihani. Lakini kuna saa inayohesabu, na wengi hawaisikii mpaka imelia.

Uingereza inayo orodha ya nchi ambazo leseni zake zaweza kubadilishwa moja kwa moja kuwa leseni za huko. Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Mwenye leseni yetu anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu awe mkazi. Baada ya hapo, hata kama ameendesha nyumbani miaka 20, anakuwa mwanafunzi: aombe leseni ya kujifunza, afaulu mtihani wa nadharia, kisha mtihani wa barabarani. Mwaka 2025 ada ya nadharia ilikuwa pauni 23, na ya barabarani pauni 62 kwa siku za kazi. Kwa mtu mwenye kazi, ada hizo zinalipika. Tatizo ni foleni. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya huko walieleza katika ripoti ya Desemba 2025 kwamba mwezi Septemba wastani wa kusubiri mtihani wa barabarani ulifikia majuma 22, na kwamba wapo wanaonunua nafasi na kuziuza tena hadi kwa pauni 500. Msomaji asidhani, basi, kwamba dalali ni mwana wa Afrika peke yake. Popote penye foleni ndefu na dirisha dogo, dalali huzaliwa.

Sasa muwekeni mtu wetu katika hesabu hiyo. Februari 2022 Uingereza ilifungua mlango wa viza kwa walezi wa wazee na wagonjwa, na ikaufunga kwa waombaji wapya kutoka nje Julai 2025. Katika miaka hiyo mitatu na nusu walikwenda watu wengi kutoka Afrika. Kazi ya wengi wao ni kwenda nyumba hadi nyumba, kumwogesha mzee huyu, kumlisha yule, na katika miji midogo kazi hiyo haifanyiki bila gari. Miezi 12 ikiisha kabla ya kufaulu, mlezi hawezi tena kuendesha peke yake; mwajiri aweza kumwambia kazi hakuna; na viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo. Akikosa udhamini, kwa kawaida hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Hakuna aliyemwonea kwa makusudi. Kila ofisi imefuata kanuni yake. Lakini kanuni nne zilizo halali, zikipangwa mstari mmoja, zimemfikisha mtu pabaya. Wanatume hatuna budi kujifunza kuona dhuluma ya namna hii, isiyo na mdhulumu wa kumnyoshea kidole.

Tuseme na neno juu ya lugha. Tangu Aprili 2014 mtihani wa nadharia huko hufanywa kwa Kiingereza au Kiwelishi tu. Kabla ya hapo mtahiniwa aliweza kusikilizishwa maswali kwa lugha 19 nyingine. Serikali ilisema kwamba wakalimani wengine walikuwa wakinong'ona majibu, na kwamba dereva ajue lugha ya alama. Ujerumani imechagua njia nyingine: mbali na Kijerumani, mtihani wa nadharia hutolewa kwa lugha 12 za kigeni, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Barabara ni zilezile, magari ni yaleyale. Kwa hiyo swali la lugha si la usalama peke yake. Ni swali la moyo wa mwenyeji.

KUONA: PALE MWENYEJI ALIPOPONA

Tumesoma kwa makini habari za jimbo la California huko Marekani, maana zinajibu hofu ya wengi. Tangu mwaka 1994 jimbo hilo lilimtaka mwombaji wa leseni athibitishe kwamba yupo nchini kihalali. Wasio na hati hawakuacha kuendesha, kwa kuwa hawakuacha kula. Waliendesha bila mtihani. Wakigonga, wengi walikimbia, maana kusimama kulikuwa na hatari ya kunyang'anywa gari au kurudishwa walikotoka.

Mwaka 2013 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wafanye mitihani ileile kama wenyeji na kupewa leseni yenye alama maalumu. Sheria ilianza Januari 2015, na katika mwaka huo mmoja zilitolewa leseni zipatazo 605,000. Waliopinga walisema ajali zitaongezeka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo yao: ajali hazikuongezeka kwa sababu ya sheria hiyo, na visa vya kugonga na kukimbia vilipungua kwa kati ya asilimia 7 na 10, yaani vipatavyo 4,000 kwa mwaka huo. Mwenye leseni hana sababu ya kukimbia. Anasimama, anaita msaada, majeruhi anapata kuokolewa.

Waliookolewa hapo ni akina nani? Wengi wao ni wenyeji. Hii ndiyo ile methali nyingine tuliyorithi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kufikia mwaka 2023 majimbo 19 ya Marekani pamoja na mji mkuu Washington yalikuwa yamepitisha sheria za namna hiyo, ingawa mengine mengi yalikataa, na mjadala bado ni mkali.

KUONA: NA NYUMBANI KWETU JE?

Ni rahisi kukemea Kuwait ukiwa Kigoma au Mwanza. Tujitazame wenyewe.

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 tangu mwaka 1964. Kifungu cha 25 cha mkataba huo kinaitaka nchi iliyompokea mkimbizi ihakikishe anapatiwa zile hati na vyeti ambavyo mgeni wa kawaida angepewa na serikali ya kwao. Kifungu hicho ni kama kimeandikwa kwa ajili ya jambo letu, maana mkimbizi hawezi kurudi kwenye ofisi ya serikali aliyoikimbia akaombe nakala ya leseni yake. Lakini Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, asitoke bila kibali. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, na huenda ana watoto wake. Kwake yeye swali la leseni halijafika bado. Kwanza hana ruhusa ya kufika barabarani. Jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2006, wamemruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi.

Hatusemi haya ili kulitweza taifa letu. Twajua mzigo ambao mikoa ya magharibi imeubeba, na twajua pia kwamba mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa asili ya Burundi waliokuja tangu mwaka 1972, tendo la ukarimu mkubwa. Taifa lililoweza hilo kubwa laweza na hili dogo.

Kisha tuje kwa mgeni mwenye kibali halali: mwalimu kutoka nchi jirani, fundi, mtawa mmisionari. Anapokwenda kuomba leseni hajui ada halali ni ipi, hajui fomu inaanzia dirisha gani, wala hana shangazi ofisini. Mara hutokea kijana mwenye tabasamu anayejua njia ya mkato. Mgeni tajiri hulipa na kupita. Mgeni maskini huendesha pikipiki bila leseni, na kila kizuizi barabarani humtoza kodi isiyo na risiti.

Na kuna kidonda kingine, ambacho ni chetu kabisa. Wapo miongoni mwa waamini wetu walionunua leseni bila kukanyaga chuo cha udereva. Mtu huyo anaposafiri kwenda ng'ambo na kuketi kwenye mtihani wa haki, aibu yake hufichuka. Lakini kabla ya kufichuka ng'ambo huenda ameshaua nyumbani. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya leseni zetu kutomo katika orodha za wengine. Twasema tu kwamba kila leseni inayonunuliwa inapunguza uzito wa leseni ya yule aliyejifunza kwa jasho, na inamnyima haki ya kusema: niaminini.

KUPIMA: NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 33 na 34, kinawaagiza Waisraeli wamtendee mgeni kama mzalia wa kwao, na kinawakumbusha sababu: wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mstari wa 6, linaongeza jambo linalotugusa zaidi hapa. Linakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia la mtu, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wenyewe. Jiwe la kusagia lilikuwa chombo cha kula cha kila siku. Mwajiri anayezuia pasipoti au leseni ya mfanyakazi wake, huyo amelichukua jiwe la kusagia. Na katika Mathayo sura ya 25, Bwana anajitambulisha mwenyewe kuwa ndiye mgeni aliyepokewa au kukataliwa.

Kanisa halikulinyamazia jambo hili. Papa Yohane XXIII, katika waraka wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja haki ya mtu kuhamia nchi nyingine kwa sababu za haki. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi mhamiaji asipunjwe haki za kazi kwa sababu ya ugeni wake. Papa Fransisko, katika Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alitaja miongoni mwa wajibu wa mataifa haki ya mhamiaji kubaki na hati zake za utambulisho. Tena, mwaka 2007 Baraza la Kipapa la wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za madereva, ya kwanza ikiwa ni kutoua. Tazameni: ofisi ileile iliyomlinda mhamiaji ndiyo iliyomwonya dereva. Haki ya mgeni na usalama wa barabara havipingani.

Kwa mizani hiyo twaweza kupima. Mtihani wa macho, wa alama, wa kugeuza gari: huo ni wa haki, hata ukiwa mgumu. Kumpa mtu muda na nafasi ya kujifunza: ni haki. Kumtahini kwa lugha anayoielewa inapowezekana: ni ukarimu unaozaa usalama. Kumtahini kwa mshahara wake, kuifunga leseni yake mkononi mwa bwana mmoja, kumwuzia kilicho chake, au kumweka miaka 20 mahali asipoweza hata kuomba: hiyo ni dhuluma, hata ikiwa na mhuri.

KUTENDA: YATUPASAYO

Kwanza, tuwaandae wanaoondoka. Kijana wa jumuiya anapopata mkataba wa kazi ng'ambo, viongozi wa walei waketi naye kabla ya kufanya sherehe ya kumuaga. Wasome mkataba pamoja: je, kazi inahitaji leseni? Ya nchi gani? Nani atalipia masomo na mitihani? Afanye nakala za leseni na vyeti vyake vyote na kuziacha kwa mzazi. Ajue tangu siku ya kwanza tarehe ambayo ruhusa ya kuendesha kwa leseni ya nyumbani itakwisha, na aombe mtihani mapema, asingoje mwezi wa kumi na mmoja.

Pili, tufundishe ukweli juu ya hati. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 juu ya wafanyakazi wahamiaji, kifungu cha 21, unakataza mtu asiye ofisa aliyeruhusiwa na sheria kunyang'anya au kuharibu hati za utambulisho za mhamiaji. Uganda ilijiunga nao mwaka 1995, na Rwanda mwaka 2008. Hadi mwaka 2024 Tanzania na Kenya hazikuwa zimeuridhia. Wabunge wetu huja kanisani, na hata harambee huja. Tuwaulize kwa upole, lakini tuwaulize.

Tatu, kila parokia iliyo karibu na mpaka, makazi ya wakimbizi au mji mkubwa iwe na mtu mmoja wa kumsindikiza mgeni ofisini: amwonyeshe dirisha, amsomee fomu, aulize ada halali na kudai risiti. Kazi hii haihitaji fedha. Inahitaji asubuhi moja na mtu asiyeogopa kuuliza.

Nne, ukumbi wa parokia uwe darasa. Alama za barabarani zaweza kufundishwa kwa Kiswahili jioni mbili kwa juma, kwa mwenyeji na mgeni pamoja. Anayejua alama kwa lugha yake atazijifunza upesi kwa lugha nyingine.

Tano, tuache kununua leseni, na wazazi tuache kuwanunulia watoto. Hili lisemwe katika mafundisho ya kipaimara na ya ndoa, kwa jina lake, bila kuzungukazunguka.

Ndugu wapendwa, hakuna kati yetu anayejua ni lini yeye au mwanawe atakuwa mgeni. Siku hiyo atasimama mbele ya dirisha lenye kioo kinene, akiwa na fomu asiyoielewa vizuri, na atatamani upande wa pili awepo mtu mwenye kuogopa Mungu. Mtu huyo hatapatikana kwa bahati. Hutengenezwa mahali fulani, katika nyumba na jumuiya zilizozoea kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Zetu ziwe miongoni mwa hizo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu kuna mgeni au mkimbizi ambaye hana hati anazostahili? Tumewahi kumwuliza anakwama wapi?

2. Familia zenye watoto ng'ambo: je, mnajua hati zao ziko mikononi mwa nani?

3. Ni sharti lipi la leseni hapa kwetu linalolinda uhai, na ni lipi linalomlisha dalali?

4. Tukiambiwa kesho kwamba wakimbizi wa kambini wanaruhusiwa kufanya mtihani wa udereva, tutafurahi au tutalalamika? Kwa nini?